Nyuzi Ishirini na Mbili

Jumamosi moja, saa nne na robo asubuhi, Marvella Tackett alijikata kiganja cha kushoto kwa mfuniko wa kopo la pichi. Alikuwa akipika pai ya kupeleka kanisani. Aliviringisha mkono kwenye taulo, akazima jiko, akaendesha pikapu yake kwa mkono mmoja mpaka kliniki ya Harlow Fork, Kentucky, ambako muuguzi alimshona nyuzi kumi na moja. Marvella alizihesabu moja moja, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Bili ilifika baada ya wiki tatu, ndani ya bahasha ya samawati yenye picha ya ua. Kliniki ilikuwa imekodi wataalamu wa kuboresha malipo ya wagonjwa, na wataalamu waligundua kwamba bahasha nyeupe huwatia watu hofu. Iliandikwa nyuzi ishirini na mbili, dola elfu mbili mia nane na sitini. Bima yake ilisema haitoi hata senti mpaka yeye mwenyewe alipe elfu nne kwanza, kila mwaka, kuanzia Januari.

Jumatatu alikwenda kwenye dirisha la malipo. Aliyekaa hapo alikuwa Glenda Faye Combs, ambaye walikuwa wakiimba naye kwaya kwa miaka kumi na tisa.

"Shoga, mimi nilishonwa nyuzi kumi na moja."

Glenda Faye akatazama kompyuta. "Hapa pameandikwa ishirini na mbili."

"Na hapa je?" Marvella akabandika kiganja kwenye kioo. "Hesabu."

Glenda Faye akahesabu, midomo ikicheza. Kisha akasogea karibu na kioo, akashusha sauti. "Lipa tu, Marvella. Usijaze fomu ya malalamiko. Ukilalamika, wanahakiki."

"Si ndicho ninachotaka? Wahakiki!"

"Muulize mzee Hobart."

Mzee Hobart Napier, seremala mstaafu wa miaka sabini na moja, alikuwa ameketi kwenye kiti kipya laini akimnywesha mtoto maziwa ya chupa. Mwaka uliopita alikuja kutibiwa kikohozi, akaandikiwa gharama za kujifungua. Alilalamika. Siku ya tatu akajifungua mtoto wa kike wa kilo tatu, akamwita Opal, jina la marehemu mkewe.

"Mtoto mwenyewe mzuri," alisema Hobart. "Ila elfu kumi na tatu, mama! Na kikohozi ninacho mpaka leo."

Marvella alijaza fomu. Aliandika kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alhamisi aliamka akiwa na jeraha kwenye kiganja cha kulia. Lilikuwa limeshonwa vizuri sana, nyuzi kumi na moja, zimepangika kama meno ya kitana.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na mpishi asiyeweza kushika upawa ni mdomo mwingine tu jikoni. Shule hailipi siku ambayo mtu hakufanya kazi. Alikwenda kliniki, akasimama katikati ya chumba, akaita kwa sauti ile ile inayofika viti vya nyuma kanisani.

"Rudd! Toka nje!"

Bwana Prentiss Rudd, meneja, akatoka akiwa na kikombe cha kahawa. Alimpa kikombe, kwa kuwa wataalamu walisema mgonjwa aliyeshika kitu cha moto hupunguza ukali. Kisha akainama, akavitazama viganja vyote viwili.

"Kumi na moja, na kumi na moja. Ishirini na mbili. Unaona sasa, mama? Bili haikuwa na kosa."

"Mmenikata nimelala!"

"Hatujakukata. Tumehakiki."

"Na mshahara wangu nani atanilipa? Wewe?"

"Hilo si la idara yangu. Lakini unaweza kulipa kidogo kidogo, dola arobaini na nane kwa mwezi, miaka mitano. Watu wengi wanapenda."

Marvella akammwagia kahawa yote kifuani. Rudd alijipangusa bila kinyongo, akamwomba Glenda Faye aongeze shati kwenye bili. Dola sitini na tano.

Glenda Faye aliliandika lile shati. Alikaa akilitazama mpaka saa ya kufunga, wenzake wakaondoka, na hasira ikampanda polepole kama maji yanavyopanda kwenye kisima. Alifungua jina la Marvella Tackett, akafuta nyuzi, akafuta shati, na chini yake akaandika neno moja: IMELIPWA. Alifika nyumbani, akala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Asubuhi Marvella hakuikuta pikapu uani. Matairi yalikuwa yameacha alama nne kwenye majani, hakuna njia ya kuingia wala ya kutoka. Friji kubwa la nyama ya paa halikuwepo. Benki zilikuwa zimebaki senti thelathini na moja. Pete ya ndoa, ambayo ilikuwa haitoki hata kwa sabuni, ilikuwa imetoka. Chini ya mlango palikuwa na bahasha ya samawati. *Asante kwa kulipa kwa wakati*, ilisema risiti, na chini yake nyuso tano, kuanzia ya kununa hadi ya kucheka, ili achague jinsi alivyojisikia.

Rudd aliona kwenye taarifa kwamba deni ambalo kwa kawaida huchukua siku tisini lilikuwa limekwisha kwa usiku mmoja. Akawapigia simu wataalamu. Wataalamu walikuja na shampeni. Kuanzia tarehe mosi, kila mgonjwa aliandikiwa IMELIPWA mlangoni, kabla hata hajamwona muuguzi. Bahasha zikafutwa, na foleni kwenye dirisha ikaisha kabisa. Gazeti la wilaya lilisifu. Glenda Faye alipewa keki na cheti chenye jina lake. Aliwaambia ilikuwa bahati mbaya, wakamwambia asijishushe.

Kufikia Novemba barabara ya Harlow Fork ilikuwa na watu wengi asubuhi, wote kwa miguu. Marvella alikuwa akienda shuleni, mikono mfukoni kwa sababu baridi iliuma kwenye makovu, aliposikia hatua za mbio nyuma yake.

"Nilitaka kukusaidia," alisema Glenda Faye. Alikuwa anahema.

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga."

Wakatembea mpaka darajani.

"Gari lako liko wapi?" Marvella akauliza.

"Jana nilipimwa presha."

Marvella alitukana tusi ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mwanakwaya. Kisha akamshika mkono, kwa sababu daraja lilikuwa na barafu, na watoto walitaka kula saa moja na nusu.