Beseni la Unga

Orpha, mukimbizi jirani yangu hapa Nchelenge, aliniletea gunia lake la mwisho la mahindi nilinunue. Mutoto wake aliumwa kifua, na hospitali walimwandikia dawa za kujinunulia dukani. Nilimulipa nusu ya bei ya soko, tena nikajisifu eti nimesaidia! Nusu ya bei ikanunua nusu ya dawa.

Mutoto alikufa siku ya tatu. Kwetu kila jirani hupeleka unga kwenye kilio. Nikapeleka beseni la unga wa mahindi yale yale.

Orpha akalipokea kwa mikono miwili, akawaambia watu wote: "Muone Mama Taonga. Wengine walikataa, yeye tu alinisaidia."

Wamama wakanipigia makofi, wakanipakulia bukari, ugali wetu, mutu wa kwanza. Na mimi, mutu bure kabisa, nikala.