Vidole vya Kasuku

Kiwandani walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kurudia kazi nzima mara tatu kwa ajili ya nukta moja. Alikuwa mchongaji wa sarafu. Kila picha iliyokaa kwenye fedha ya chuma ya nchi ile ilianzia mezani kwake: kwanza kwa plasta, kubwa kama sahani, halafu mashine ikaipunguza mpaka ikawa muhuri wa chuma wa kugongea sarafu.

Sarafu mpya ilikuwa na kasuku juu ya tawi. Mashine zilianza kuigonga wiki ile, na zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili izinduliwe.

Jumamosi Nukta na mkewe walikwenda kumjulia hali mama mkwe, mkunga mstaafu asiye na maneno mengi, aliyeishi peke yake na kasuku wa kijivu. Wakati wa chai ndege akaanza kupanda wavu wa kizimba, hatua kwa hatua, mbele ya uso wa Nukta. Nukta akaweka kikombe chini. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Akautazama mguu wa pili. Vilevile.

"Vipi tena?" mkewe akauliza.

"Hamna kitu."

Kumbe moyo ulikuwa umeshampasuka. Kasuku aliyemchonga yeye alikuwa na vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kama kuku. Alikumbuka vizuri: kwenye picha aliyopewa, majani yaliifunika miguu, naye akaijazia kwa kukisia.

Jumapili hakukalika. Alifua shati safi. Alifungua jokofu mara nne bila kutoa kitu. Mwishowe mkewe akamsimamia mlangoni.

"Ama uniambie, ama utoke nje. Unanizungusha kichwa."

Akamwambia. Mkewe akaangua kicheko, kisha akauona uso wake, akakikatiza.

"Lakini mume wangu, nani atahesabu vidole vya ndege kwenye kitu kidogo kama kifungo?"

"Mimi."

Jumatatu, kila sarafu iliyodondoka kwenye sanduku la chuma ilimchoma kama sindano. Alifika mlangoni kwa meneja, akageuka. Akafika tena, akageuka.

"Nukta, unapima korido?" katibu akamtania.

Hapo akaingia. Alieleza yote bila kukaa. Meneja alisikiliza huku akikunja na kukunjua kipande cha karatasi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Na kasuku wa mama mkwe."

Hakuwa anatania, na meneja hakucheka. "Basi tunyamaze. Tumeshagonga nusu milioni, bwana."

"Sarafu inakaa mifukoni miaka thelathini, mzee. Ipo siku mtoto ataiulizia shuleni. Na mimi nitarudishiwa chenji ya kosa langu kila nikinunua mkate."

Meneja akaitupa ile karatasi, akanyanyua simu. Baada ya nusu saa mashine zikazimwa, na ule ukimya ulimsumbua Nukta kuliko kelele. Jibu la wakubwa lilikuja jioni: zilizogongwa ziyeyushwe, barua ya onyo iwekwe kwenye faili lake, na muhuri mpya uwe tayari ndani ya siku nne. Asipowahi, ajitafutie kazi nyingine.

Kesho yake mama mkwe alifika getini na kizimba kilichofunikwa shuka. Binti yake alikuwa ameshamsimulia.

"Mama, shikamoo. Huyu naye ana kitambulisho?" mlinzi akauliza.

"Nani huyo?" kasuku akajibu kutoka ndani ya shuka. Mlinzi aliruka nyuma, na walinzi wenzake wakacheka mpaka wakasahau kukagua mkoba.

Ndani ya karakana mama mkwe alimshika ndege kwa mikono miwili, miguu ikielekea kwenye taa. Ndege alimng'ata kidole gumba; mama mkwe hakumwachia.

"Nimeshika waliokuwa wakifurukuta zaidi ya huyu," alisema. Kisha akatazama patasi. "Bado haijagusa plasta, mwanangu."

"Naogopa, mama."

"Ogopa tu. Lakini chonga."

Alichonga siku tatu, akila kwa kusimama. Mara mbili alikwangua plasta na kuanza upya. Siku ya nne, saa mbili kabla ya muda kwisha, muhuri ulifungwa kwenye mashine, na sarafu ya kwanza ikadondoka ikiwa bado ya moto. Akaitazama kwa lenzi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Umeridhika?" meneja akauliza.

"Sijui. Naona kama jicho hili..."

Meneja akamnyang'anya lenzi. "Nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata, kazi ya picha za noti mpya, aliyoisubiri miaka sita, akapewa mchongaji mwingine. Nukta alihamishiwa kwenye medali za wanamichezo. Iliuma, na hakujidai kuwa haikuuma. Alibeba vifaa vyake mwenyewe hadi chumba kidogo cha mwisho.

Sarafu ilipotoka, aliipokea dukani ikiwa chenji ya mkate. Muuza duka akapindua nyingine kwa dharau.

"Angalia hizi walizotuletea. Nyepesi hivi! Zitapotelea kwenye mifuko. Hivi waliozitengeneza walifikiria kweli?"

Nukta alifungua mdomo ajibu. Badala yake akacheka, akacheka mpaka akaegemea kaunta, na muuza duka akamsogezea kiti.