Mkate wa Gesare

Gesare aliletwa hospitali ya misheni, hapo nje ya Rongo, mwaka wa sitini na tisa, kinu cha miwa kikiwa kimemla mkono wa kushoto. Kidonda kilipofunga, mama mkwe alikuja akasema maneno ambayo wodi nzima tuliyasikia, maana hakunong'ona: "Mwanangu Momanyi halali njaa. Ukishindwa kusonga ugali, Mokeira wa jirani hajaolewa."

Jedidah, mwanafunzi wa tiba ya kazi, ile ya kumfunza mgonjwa kujifanyia kazi zake tena, kutoka chuo cha Nairobi, ndiye aliyepewa kumfundisha. Alikuja na kisu, siagi, na ubao wenye misumari miwili ya kushika mkate usiteleze. Gesare alitakiwa asimame mezani, apake mkate kwa mkono mmoja. Chuo kilitahini hivyo.

"Dada, kwetu mkate huonekana Krismasi," Gesare akasema. "Mimi napikia kwa mafiga, nimekaa kwa kigoda. Sufuria niishike na meno?"

Tukacheka, Jedidah naye akacheka.

"Najua, mama Nyarangi," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. " Hata mama yangu kule Kisegi hana meza ya kupikia. Lakini mtahini anaangalia mkate. Nikipita tu, kesho yake tunaanza ugali."

Mtahini akaja, Gesare akapaka mkate ukapendeza. Jedidah akapita. Jioni ile daktari akasema mgonjwa anajiweza, aende, kitanda kinatakiwa. Jedidah aliomba Gesare aongezewe siku. Akaulizwa kama anapinga alama zake mwenyewe. Kesho yake Gesare akaenda kwake.

Haikupita muda Gesare akarudi, mguu umeungua mpaka kifundo. Alikuwa ameibana sufuria kwa wayo ili asonge, ikampindukia.

Jedidah, sasa ameajiriwa palepale, aliweka mafiga nyuma ya wodi, akatafuta panda ya mti ya kuzuia sufuria. "Njoo tuanze, mama Nyarangi."

"Nimpikie nani?" Gesare akauliza. "Moto wangu anawasha Mokeira. Mtoto wangu anakula kwake."

Hakuwa na pa kwenda, hospitali ikamweka afagie. Na kila chuo kinapoleta wanafunzi wapya, huitwa aje mezani awaonyeshe. Hupaka bila kudondosha hata chembe, wao wakiandika. Wakishaondoka, yule mkate huuchomoa misumarini, akakaa chini kuula peke yake.