Watu Arobaini na Mmoja Chini ya Rola

Saa tatu asubuhi dada yangu alisimama mlangoni pangu, wino mweusi umempanda hadi viwikoni, akatangaza kwamba siku hiyo picha yake ingechapwa kwa rola la kushindilia lami. Nilimuuliza kama alikuwa amekula. Miaka thelathini ya kusahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji ilinifunza kwamba mtu mwenye wazo kubwa sana asubuhi, aghalabu ana njaa.

"Nimekula," alisema. "Vaa viatu, mdogo wangu. Wale watu wa barabara wanahama saa nane."

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Maktaba mpya, mitaa miwili kutoka karakana yake, ilikuwa imemtengea ukuta wa mbele. Kazi ilipaswa kufika siku hiyo kabla ya saa kumi, mafundi wa kutundika wangali na ngazi zao. Isipofika, ukuta ungepewa picha ya mwenyekiti wa kamati akikata utepe. Kwa miezi kumi na minne dada alikuwa amechonga bao la plaiwudi la futi nane kwa nne: foleni ya watu arobaini na mmoja, kila mmoja akisoma kitu huku akisubiri. Yupo anayesoma barua, yupo anayesoma cheti cha dawa, na yupo anayesoma gazeti lililofungia sukari. Mimi pia nimo. Nimechongwa nimenuna.

Mashine yake ya kuchapia haimezi kitu kipana kuliko sinia. Alikusudia kuichapa picha kwa mkono, akiisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, lakini wiki iliyotangulia bega lake liligoma, na daktari akaunga mkono mgomo huo.

Halafu karatasi ilikuwa moja tu. Aliitengeneza mwenyewe, pamoja na majirani sita, katika bwawa la matofali na nailoni nyuma ya karakana, kwa rojo la migomba iliyopondwa na mitihani ya zamani ya shule. Chekeche lake lilikuwa pana kama mlango. Mara tatu walilinyanyua, na mara tatu karatasi ilipasuka katikati ingali mbichi. Mara ya nne ilikubali, na hakuna aliyethubutu kuiomba ya tano.

Kwa hiyo tulikuwa na bao moja, karatasi moja, rola moja, na dereva ambaye alikuwa bado hajaulizwa.

Dereva aliitwa Kobe, kwa sababu ya mwendo wa chombo chake. Tulimkuta kivulini akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Mama, nimekusikia," alisema Kobe, dada alipomaliza kueleza. "Unataka nikanyage picha."

"Ukanyage mara moja. Bila mtetemo, bila maji."

"Maji lazima. Lami inanata."

"Hakuna lami, mwanangu. Kuna karatasi, juu yake mablanketi mawili, juu ya mablanketi zulia."

Kobe alimgeukia msimamizi wake, aliyekuwa akimenya chungwa. Msimamizi alitazama saa. "Muda wa chakula ni wako," alisema. "Ukitaka kula plaiwudi, kula."

Nilimkumbusha dada kwamba tani nane ni uzito wenye heshima zake, na kwamba plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi na matumaini. Jirani yake fundi cherehani, mama mmoja ambaye hajawahi kuazima maneno kwa mtu, alinijibu kwa niaba yake.

"Bwana Makosa, hili ndilo jina ulilopewa kiwandani, na sasa naona kwa nini. Shika rola ya mkono, upake wino."

Bao lilikuwa limeshalazwa kando ya barabara, nami nikapaka wino. Ukipakwa vizuri, wino hutoa sauti ya mafuta yanayokaangwa kwa mbali. Ukizidi, unanyamaza na kujaza michongo. Tulipaka mara nne, fundi cherehani upande wa kichwa cha foleni, mimi mkiani, tukikimbizana hadi tukakutana kwa yule mtu wa gazeti la sukari. Wafanyakazi wa barabara walikuwa wameacha sahani zao. Mmoja alikuwa akiwahesabu watu wa kwenye bao na kubishana na mwenzake kuhusu mtoto wa mgongoni.

"Anahesabiwa! Ana kitabu!"

"Anakitafuna!"

"Hata wewe shuleni ulitafuna, na ukahesabiwa."

Karatasi ilitolewa kwenye mashuka yenye unyevunyevu ikiwa imeshikwa pembe nne. Karatasi ya namna hiyo huwekwa mara moja tu. Ukiisogeza baada ya kugusa wino, kila mtu kwenye picha anapata kivuli. Dada alihesabu hadi tatu. Tuliishusha. Ilitua sawasawa. Yakafuata mablanketi, kisha zulia la sebuleni kwa fundi cherehani, ambalo mumewe alikuwa bado hajaambiwa.

Kobe alipanda. Alifunga maji, akazima mtetemo, akavua kofia. Rola lilipanda vibao vya mteremko na kuanza kula zulia inchi kwa inchi.

Hadi katikati, mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotabiri. Kisha zulia lilianza kujikusanya mbele ya gurudumu. Mkunjo ukainuka, ukawa mnene kama mkono, kisha kama paja, ukisukumwa kuelekea nusu ya pili ya foleni.

"Simama!" nilipiga kelele. "Kobe, simama!"

"Simama!" akapokea fundi cherehani.

Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na wino ukamchora masharubu.

Kobe hakusimama. Hakupunguza wala hakuongeza. Alitazama mbele kama mtu aliyetukanwa na jirani asiyemjua, na gurudumu likaupanda ule mkunjo, likanyanyuka, likatua, likaendelea na mwendo uleule hadi likashuka upande wa pili.

"Hukusikia?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtu mstaafu.

"Nimesikia, mzee. Lakini juu ya lami ya moto hakuna kusimama. Ukisimama, rola linazama, na hilo bonde utalikuta hata ukiwa na wajukuu. Mimi nilisimama mara moja tu. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso."

"Hii si lami!"

"Wino nao unanata."

Dada alikuwa ameshapiga magoti. Alivuta zulia, akavuta mablanketi, akabandua pembe ya karatasi kwa vidole viwili. Watu kama thelathini walimzunguka. Karatasi ilinyanyuka ikitoa mlio wa gundi inayoachia, na wakaanza kutokea: viatu, mifuko, gazeti la sukari, miwani, mtoto na kitabu chake. Weusi ulikuwa mweusi kweli. Mistari myembamba ya nywele, ambayo nilikuwa nimesema haitatoka, ilitoka yote.

Palipokuwa na mkunjo palibaki ufito hafifu, mpana kama rula, ukipita magotini mwa watu wawili. Nilimwonyesha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

"Magoti hayasomi," alisema dada. "Na hapo ndipo ulipotaka asimame. Angesimama, ningebaki na watu ishirini ambao hawajachapwa." Kisha akapiga kigelegele ambacho sikujua anacho, na wafanyakazi wakampokea, na msimamizi akaangusha chungwa.

Wino wa mafuta haukauki kwa siku moja, na picha mbichi haikunjwi. Ilibidi ibebwe wazi, uso ukitazama juu, imelazwa juu ya chekeche lake. Tulikuwa wabebaji wanane, Kobe miongoni mwetu. Mimi nilipewa pembe ya nyuma kushoto. Tulipotoka mtaa wa kwanza wapita njia walitupisha. Mtaa wa pili walianza kutufuata, wakiinua shingo waone nani anasoma nini.

"Ni saa ngapi?" dada aliuliza kutoka mbele, bila kugeuka.

"Saa saba kasoro. Muda upo. Hakuna haja ya—"

"Kimbieni!"

Nina umri wa miaka sitini na mitatu na goti moja lisiloaminika. Nilikimbia, nikipaza sauti kuwaambia wengine wainue pembe zao, hadi milango ya maktaba ikafunguliwa yote miwili.