Kitabu cha Mafungu Matatu

Mwalimu Optatus alikikata kitabu cha hadithi cha Kiingereza kwa kisu cha kubangulia korosho. Wanafunzi watatu, nakala moja, na serikali ilishaacha kuleta vingine. Mdogo wangu Zuhra alipewa fungu la kwanza, Esther la kati, Dickson la mwisho. Kila wiki wabadilishane.

"Msikariri kamusi," aliwaambia. "Neno *spring* likuteni ndani ya hadithi. Litasema lenyewe linataka nini."

Kwa Zuhra lilikuwa chemchemi. Hilo halikumsumbua, sisi wa Newala tunashuka bondeni na ndoo tangu utotoni. Kwenye fungu la Esther paka alimrukia panya, basi likawa kuruka. Likabaki la Dickson.

Ushirika wetu wa korosho ulikuwa hoi, wanunuzi binafsi wameumeza. Ulibakiwa na ada ya mwanafunzi mmoja tu wa kidato cha tano, naye angepatikana kwa insha juu ya kitabu hicho. Baba hakuwa na uwezo, na Zuhra alilijua hilo.

Zamu yake ya kupokea fungu la Dickson ilipofika, Dickson akafiwa na bibi yake, akaenda nalo Nanganga. Mimi na Zuhra tukapanda lori, tukamkuta ameketi na wanaume.

"Shikamooni. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Tulikaa na akina mama mpaka jua likapinda. Nikamfinya Zuhra. "Mwombe!"

"Dada Somoe, mfiwa haombwi kitu. Ana machozi, mimi nimdai karatasi?"

Adabu gani hiyo! Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa. Tulirudi mikono mitupu.

Swali la insha liliwataka waeleze maana zote za neno lile kwenye hadithi. Zuhra aliandika chemchemi, akaandika kuruka, akakwama. Nafasi akaichukua Mrisho wa Masasi, aliyenunuliwa kitabu kizima dukani.

Dickson alirudi baada ya matanga, akaja nyumbani na fungu.

"Siku ile lilikuwa ndani ya shati langu," alisema. "Nilikungoja uniombe. Mimi mfiwa, ningetoaje karatasi za shule mbele ya wazee?"

Zuhra alilisoma palepale mlangoni. Theluji inayeyuka, miti inachipua, watu wanavua makoti: majira ya kwao Wazungu, baridi ikiisha. Hakumuuliza mtu.

"Kumbe rahisi hivi," alisema.

Akamrudishia fungu lake, akamshukuru. Nilitamani alie. Hakulia, na hakushika kitabu tena.