Kibanda cha Skardal Kinavuka Mto

Jumanne ya kwanza ya Septemba, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Borghild Øvstegard alisukuma chupa yake ya kahawa chini ya kiti cha mlinzi katika ukumbi wa tatu wa makumbusho, akasoma kipimo cha unyevu ukutani, akaandika namba daftarini. Nje mvua ya mji wa Bergen ilinyesha kama jana na juzi. Ndani zilitundikwa picha sitini na mbili za marehemu Eilert Vangsnes, mchoraji wa milima na maji, zilizokusanywa mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu afe. Nyingi zilitoka kwenye nyumba za watu, chache makanisani, na moja, ya thelathini na moja, ilitoka mahakamani.

Hiyo ya mahakamani ndiyo iliyokuwa ikilia. Ng'ombe sita waliochorwa mwaka 1858 walikuwa hawajakamuliwa tangu siku hiyo, na viwele vyao vilikuwa vimekaza kama ngoma. Borghild, mwenye umri wa miaka sabini na sita, mstaafu wa posta, alitambua kwa sauti zao kwamba wana maumivu. Akawaita kwa ule wito wa nyanya yake, mwembamba na mrefu, ila kwa chinichini, maana kanuni za ukumbi zinakataza kelele. Ng'ombe wakainua vichwa. Wakashuka mmoja mmoja, wakaivuka fremu, wakasimama kwenye sakafu ya mbao wakidondosha matope. Borghild akasuuza ndoo ya kudekia mara mbili, akavuta kiti, akakamua.

Ragna, msimamizi wa maonyesho, alipita na karatasi zake.

"Mama Borghild, hao wasikaribie ukuta. Mita moja. Kanuni ni ya kila mtu."

"Nimeshawaambia."

"Na unyevu?"

"Umepanda kidogo. Ni pumzi zao."

Ragna akaandika. Kisha akaonja maziwa kwa kikombe cha karatasi, akaonja tena. "Jamani," akasema.

Mchana huo mkahawa ulipika uji wa malai, na foleni ikafika ngazini. Kila aliyekula alipanda tena kwenda kuiambia picha asante kwa chakula, kwa kuwa watu wa huko hawaondoki mezani bila kusema hivyo.

Nyuma ya ng'ombe alikuja Marta. Ndani ya picha alikuwa na urefu wa kidole gumba, lakini alipokaa juu ya fremu alikuwa binti wa kawaida wa miaka kumi na minane, sketi imelowa mpaka magotini. Alikuwa shangazi wa babu yake Borghild.

"Asante kwa mara ya mwisho," Marta alisema.

Ndivyo wanavyosalimiana huko. Kwanza unashukuru kwa siku mliyoonana, ndipo mengine yafuate. Hawa wawili hawakuwahi kuonana, lakini Borghild alijibu ipasavyo: "Asante nawe."

"Wewe ni wa kwetu. Nimeujua wito."

Borghild akafuta mikono kwenye sare yake, akauliza swali ambalo nyumbani kwao lilikuwa limeulizwa mezani kwa miaka mia na hamsini. "Shangazi, kibanda chetu kilikuwa upande gani wa mto?"

"Mashariki, kwenye nyasi! Hivi nani angefugia ng'ombe kwenye yale mawe?"

Maana ndani ya picha kibanda cha ukoo wao kule Skardal, kile walicholala kila kiangazi wakichunga, kilisimama magharibi, kwenye mawe ambayo hata mbuzi angevunjikia meno. Vangsnes alilala humo wiki mbili akinywa maziwa yao, akaenda kuimalizia picha yake Ujerumani. Kule aliona upande wa kushoto umepwaya, akakisogeza kibanda. Miaka kumi na mitano baadaye ukoo wa Øvstegard na jirani zao wa shamba la chini waligombania malisho ya mashariki. Mashahidi walikuwa wameshakufa, Marta akiwa mmojawapo. Hakimu, mtu wa mjini aliyependa sanaa, akaagiza picha iletwe. Akaona kibanda kiko magharibi, akaamua kwamba Waøvstegard hawakuwahi kuchunga mashariki. Walibaki na mawe. Baada ya miaka miwili walikuwa wameuza ng'ombe wote.

"Siku ya hukumu nilikuwa pale ukutani," Marta alisema. "Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Hakimu akasema nje kuna kelele, akamwambia karani afunge dirisha."

Baba yake Borghild alikufa bila kusikia maneno hayo, na babu yake vilevile. Yeye ameyasikia akiwa kazini, na kahawa yake bado ya moto. "Asante," akasema. "Asante sana, shangazi."

Saa kumi na moja alimpigia simu kaka yake, Anfinn, fundi wa nyumba za magogo, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja na moyo unaokwenda kwa vidonge.

"Ng'ombe gani?" Anfinn aliuliza.

"Wetu."

"Bado wanatoa maziwa?"

"Ndoo haitoshi."

"Na yule mwizi mwenye brashi?"

"Alishakufa, Anfinn."

"Ana bahati."

"Wewe ukifa na hicho kinyongo, wabeba jeneza watavunjika migongo. Njoo Jumatatu. Njoo na chaki."

Anfinn hakuhitaji kuelezwa chaki ni ya nini. Nyumba ya magogo, kama kile kibanda, huhamishwa: unaandika namba kwenye kila gogo, unabomoa, unabeba, unapanga upya. Maonyesho yangefungwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, na kesho yake picha ingerudi mahakamani. Makumbusho hayafunguliwi Jumatatu, na Jumatatu zilikuwa kumi na mbili. Ragna alitangaza msaragambo, kazi ya kujitolea, akabandika karatasi jikoni ya walioleta maandazi na ambao bado. Walinzi wakaja na viatu vya mvua. Wakavuka fremu, wakabeba magogo mawili mawili kuvuka mto kwenda mashariki, Marta akiwaelekeza pa kukanyaga. Wote walivaa glavu nyeupe za pamba, kwa sababu mali ya watu haishikwi kwa mkono mtupu.

"Gogo la kumi na saba mmeligeuza kichwa chini!" Anfinn alifoka. "Mmesomea wapi, nyie?"

"Historia ya sanaa," akajibu Ragna.

"Inaonekana."

Jumatatu ya mwisho wapakiaji walifika saa nane mchana na sanduku lao. Paa lilikuwa bado halijawekewa nyasi, na Anfinn alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono kifuani, akihema.

"Tuna saa moja," mkubwa wao alisema. Akatazama paa, akamtazama mzee, akavua koti. Mwenzake naye akavua.

Saa tisa kasoro dakika tano Anfinn alipanga udongo wa mwisho wenye nyasi. Kisha akakaa kizingitini, upande wa mashariki, mtu wa kwanza wa ukoo wake kukaa pale baada ya miaka mia na hamsini. Akavua glavu, akashika nyasi. Ragna, aliyekuwa ukumbini, akatazama dari.

"Asante kwa leo," Anfinn aliwaambia wote. Dada yake alikuwa hajamsikia akilisema neno hilo tangu mkewe azikwe.

Barua ya mahakama ilifika kabla ya Krismasi, ya heshima, yenye mhuri. Picha imerudi ikiwa na mabadiliko. Picha iliyobadilishwa haiwezi kupokelewa kuwa ushahidi. Hukumu ya mwaka 1873 ilitokana na picha ambayo haijabadilishwa, kwa hiyo inasimama. Mahakama inashukuru kwa utunzaji mzuri. Kule Skardal, wajukuu wa shamba la chini walikuwa wameshajenga nyumba kumi na nne za mapumziko kwenye yale malisho, zote zina paa la nyasi.

Anfinn aliisoma mara mbili. "Angalau wameshukuru," akasema, akaikunja, akaendelea kula. Alikufa majira ya kuchipua, na jeneza lake lilikuwa jepesi.

Siku hizi kila Septemba Borghild hupanda basi na ndoo safi, na kukaa kwenye benchi la chumba cha mahakama, mbele ya picha. Ng'ombe hushuka kukamuliwa, na Marta hukaa juu ya fremu na sketi kavu.

"Asante kwa mara ya mwisho," husema.

"Asante nawe," Borghild hujibu, na sasa ni kweli, mara ya mwisho ipo.

Halafu humwita karani, kijana mpole, na kumpa kikombe cha maziwa. Karani hunywa mpaka tone la mwisho, hufuta mdomo, hushukuru kwa maziwa. Marta anapoanza kusema kibanda kilikuwa upande gani, karani huinuka kwa adabu na kufunga dirisha.