Kasi ya Thelathini na Tatu

"Mji mzima wa Gent hauna masikio kama yangu," Godelieve Baert alikuwa akiwaambia watu, na kabla hawajaitikia anaongeza, "Yaani sikio. La kushoto lilikufa kwa kuegemea spika, siku hizi nalitumia kulalia."

Kwa sikio hilo moja alikuwa akiandika jaridani habari za muziki wa dansi, huu wa mashine unaotikisa vyombo vya jirani. Wasomaji walimwamini kwa jambo moja tu: hakuandika neno juu ya santuri ambayo hakuisikiliza sawasawa, hata ikiwa mbaya kama supu ya juzi.

Basi akaletewa santuri ya Wannes De Pauw. Nyeupe tupu, haina jina wala picha, maana ndivyo wanamuziki hao wanavyopenda, usikilize bila kujua ni ya nani. Hata kasi haikuandikwa. Godelieve akaiweka kwenye kasi ya mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, akakaa na sahani yake ya viazi vya kukaanga.

Ikatoka polepole, nzito, kama watu wanaoshusha kabati ngazini wakiogopa kugonga ukuta. Katikati yake sauti nzito ya mwanamume ikawa inaugulia. Viazi vikapoa. Mwaka juzi alimzika Lutgart, dada yake, na siku ya mazishi alikuwa mtu wa kumimina kahawa na kuosha vikombe, chozi halikutoka. Sasa likatoka, na mengine nyuma yake, mpaka santuri ikaisha na sindano ikawa inakwaruza tu. Usiku uleule akaandika kwamba amepata muziki unaojua kukaa na mfiwa.

Jarida likatoka. Marnix, mwenye duka la santuri, akapiga simu.

"Lieve, uliisikiliza kwa kasi gani?"

"Thelathini na tatu. Kwani?"

"Watu wanarudi dukani wananiuliza hayo matanga yako wapi. Ile ni arobaini na tano, bibie! Ni ya kurukaruka!"

"Kwani sisi ujanani hatukuwa tukizipunguza santuri kasi? Nchi nzima ilicheza hivyo."

"Tulipunguza makusudi. Wewe ulikusudia?"

Godelieve akamkatia simu.

Akaiendea mashine, akaweka santuri, akaweka kidole kwenye kitufe cha kasi. Kubonyeza mara moja tu, basi. Hakubonyeza. Kama ule ni muziki wa harusi, yeye alilia nini? Alililia kitufe? Na Lutgart je, arudi kule alikokuwa, nyuma ya vikombe? Akairudisha santuri ndani ya jalada lake, taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Jumapili Wannes akamwalika kahawa nyumbani kwa mama yake, Irma. Godelieve alikwenda akijua ataulizwa, na njia nzima alikuwa akipanga kusema kweli. Lakini Wannes, mtu mzima mwenye kipara, alikuwa akikunjakunja kitambaa cha meza kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Mama Lieve, nimesoma. Sikujua nicheke au nilie. Niambie tu, uliisikiliza kwa kasi yake?"

"Nilizisikiliza zote mbili," Godelieve akasema, ulimi umemtangulia. "Ndiyo kawaida yangu. Ya haraka ni nzuri, ila ya polepole ndiyo iliyonikaa."

Uso wa Wannes ukafunguka. "Afadhali! Watu wanasema eti ulikosea. Na kwenye ile ya haraka, ni wapi palipokugusa?"

"Katikati," akajibu bila kusita, maana katikati ndipo alipolia zaidi. "Pale yule mzee anapougulia. Ngoma inamkimbia, naye anaugulia vilevile, maskini."

Irma, aliyekuwa akimimina kahawa, akaweka birika chini.

"Mzee gani?"

"Yule mwanamume. Mwenye sauti nzito."

"Ni mimi yule," Irma akasema. "Mwanangu alinirekodi hapa hapa jikoni, nacheka. Ukiicheza kwa kasi yake, mtaa mzima unanitambua. Huyo mzee wako hatoki mpaka santuri ipunguzwe kasi, kicheko changu kiwe kizito." Akavuta kiti, akakaa mkabala na mgeni wake. "Haya, bibie. Hiyo ya haraka uliisikilizia wapi?"

Godelieve akafungua mdomo, akaujaza biskuti.